Kimalagasi: Jirani wa Afrika, Ukoo wa Borneo

Kimalagasi ndiyo lugha ya Madagaska, ng'ambo tu ya Mlango wa Msumbiji, lakini si ya Kibantu. Ni lugha ya Kiaustronesia, na ndugu zake wa karibu wako kwenye bonde la mto Barito, kusini mwa Borneo nchini Indonesia: Kimaanyan, Kisamihim, Kidusun Witu na Kipaku. Kundi hilo huitwa Barito Kusini-Mashariki.

Kufanana kwake na Kimalei kulijulikana tangu 1603, Mholanzi Frederick de Houtman alipochapisha msamiati wa lugha zote mbili. Tawi lenyewe lilikuja kutambuliwa mwaka 1951, pale Otto Christian Dahl, mmisionari wa Norway aliyehudumu Madagaska, alipolinganisha Kimalagasi na Kimaanyan.

Wingi wa maneno yanayofanana hautoshi kuthibitisha udugu, kwani maneno huazimwa. Kinachopima ukoo ni mabadiliko ya sauti yanayofuata utaratibu. Tano kwa Kimalei ni *lima*. Kwa Kimaanyan ni *dime*, kwa Kimalagasi *dimy*. Sauti l iliyotangulia i imegeuka d kwa ndugu hao wawili, Kimalei kikabaki na l yake. Walipoachana, Kimalagasi kiligeuza p kuwa f: *pitu* ya Kimaanyan, yaani saba, ikawa *fito*, na *epat*, nne, ikawa *efatra*.

Kwa kipimo hicho, *omby* (ng'ombe), *amboa* (mbwa), *akoho* (kuku) na *akanga* (yule ndege kanga) ni mkopo wa Kibantu tu, hata kama Mswahili anayasikia kama ya nyumbani. Kimalei nacho kilikopesha, tena kwa kioja: *barat*, magharibi, imezaa *avaratra*, kaskazini, *timur*, mashariki, imezaa *atsimo*, kusini. Wamaanyan ni watu wa bara, si mabaharia, na mwanaisimu Alexander Adelaar anaona kwamba Wamalei ndio walioongoza safari ya kuhamia Madagaska, yapata karne ya 7.

Ubishi uliobaki unahusu kundi kubwa la Barito, ambalo tawi hilo limo ndani yake. Mwanaisimu Robert Blust alilipanua kwa kuingiza lugha za Kisama-Bajaw, za watu wa baharini. Mwanaisimu mwingine, Alexander Smith, mwaka 2018, akaliona kuwa mnyororo wa lugha zilizoambukizana mabadiliko, si tawi moja. Udugu wa Kimalagasi na Kimaanyan haukuguswa. Ujirani na Afrika nao unaendelea: aina mojawapo ya Kimalagasi, Kibushi, husemwa Mayotte sambamba na Kimaore, lugha ya Kibantu iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili.