Je, Wajua? Moto Unaoua Samaki

Wachina husema lango la mji likiwaka moto, wanaoangamia ni samaki. Maji ya kuzimia huchotwa kwenye handaki linalozunguka ukuta, ndoo baada ya ndoo, hadi samaki wabaki wakitapatapa topeni. Methali hiyo hutajwa janga linapowakumba wasiohusika.

Kisa kingine cha kale hakina moto. Kimo katika Lüshi Chunqiu, kitabu cha karne ya 3 KK. Huan, mkubwa mmoja wa dola ya Song, alidai ametupa lulu yake bwawani. Mfalme akaamuru bwawa likaushwe. Lulu haikuonekana, samaki wakafa bure.

Ajabu zaidi, simulizi nyingine hudai samaki wa methali ya lango alikuwa mtu: Chi Zhongyu, jirani wa lango, aliyeteketea moto ulipofika nyumbani kwake.