Mafaili Mengi, Nafasi Chache: Zamu na Akiba katika Programu za Kuchambua Matini

Makala haya yanafafanua tatizo linalomkabili mtafiti wa lugha pale programu yake inapohitaji kuandika katika mafaili mengi kuliko idadi ambayo mfumo endeshi unaruhusu yawe wazi kwa wakati mmoja. Programu isiyohakiki jibu la mfumo yaweza kuvunjika katikati ya kazi, au, vibaya zaidi, kuliruka faili lililokataliwa na kuendelea kimya, mifano ikipotea.

Ichukuliwe kwamba matini simulizi za Chasu zimekusanywa Suji, katika milima ya Upare wilayani Same, na kwamba kila kidahizo kinakusudiwa kuwa na faili lake la mifano. Vidahizo vikiwa 3,000, mafaili nayo ni 3,000. Katika mifumo mingi ya Linux, kikomo cha kawaida kwa programu moja ni mafaili 1,024 yaliyo wazi, na nafasi tatu huwa zimekwishachukuliwa: ya kupokelea data, ya kutolea matokeo na ya kutolea taarifa za makosa. Enzi za MS-DOS programu ilipewa nafasi 20, tano zikiwa zimeshikwa tangu mwanzo.

Kikomo chaweza kuongezwa. Amri ya ulimit -n hufanya hivyo, hadi mpaka uliowekwa na msimamizi wa mfumo. Lakini vidahizo huongezeka kila matini mpya inapoingizwa, na kikomo kipya nacho hufikiwa.

Ufinyu unaofanana na huu unafahamika vyema Upare ya Kusini, ingawa huko ni wa maji. Kijito chembamba hakifikishi maji mashamba ya mbali. Kwa hiyo maji hukusanywa usiku katika bwawa dogo liitwalo ndiva, kisha hufunguliwa mchana yakiwa na nguvu, na wakulima humwagilia kwa zamu. Asiye na zamu siku hiyo hapotezi haki yake ya maji. Humo mna mbinu mbili, zamu na akiba, na zote zinaifaa programu.

Kwa zamu, programu hutunza daftari la mafaili yote inayoyajua, na kwa kila faili huandika jina, mahali ilipofikia na kama li wazi. Nafasi zikijaa, hulifunga faili lililokaa muda mrefu zaidi bila kutumiwa, ikafungua linalohitajika. PostgreSQL hufanya hivyo. Gawk, inayopendwa na wachambuzi wa matini, nayo huzungusha mafaili bila kuambiwa. Mbinu hii inaafikiana na tabia ya lugha. Katika matini ya Kiswahili, maneno kama “na” na “ya” hurudi kila mara, hivyo mafaili yake hubaki wazi, ilhali ya maneno adimu hufungwa. Hatari imo katika kufungua upya: faili lazima lifunguliwe kwa kuongezea mwishoni. Mtumiaji wa awk anayefunga faili mwenyewe kwa close, kisha akaliandikia tena kwa alama ya > badala ya >>, hufuta yote yaliyotangulia.

Kwa akiba, mifano hulimbikizwa katika kumbukumbu, kisha faili hufunguliwa, huandikwa kwa mkupuo na kufungwa. Kazi huenda haraka, ila umeme ukikatika, kisichoandikwa kimekwenda.

Mbinu ya tatu husahauliwa, nayo mara nyingi ndiyo bora: kuipanga mistari yote kwa kidahizo kabla ya kuigawa. Ikishapangwa, faili moja tu la kidahizo huhitajika kuwa wazi kwa wakati mmoja. Programu ya sort ya GNU yenyewe, data inapozidi kumbukumbu, huandika mafaili ya muda na kwa kawaida huyaunganisha 16 kwa mkupuo.

Kwa mbinu yoyote, idadi ya mistari iliyoingia ilinganishwe na jumla ya mistari iliyomo katika mafaili yote yaliyotoka, kabla matini asilia hazijaondolewa kwenye diski.