Jina na Kitenzi katika Kiingereza: Neno Moja Laweza Kumgeuza Mlalamikaji kuwa Mshitakiwa

Jioni moja jirani yangu, askari polisi, aliniletea taarifa aliyoiandika kwa Kiingereza ili niitazame kabla hajaikabidhi kwa mkubwa wake. Alikuwa ameandika: "The boy was beating." Nikamwuliza, "Kijana huyu alimpiga nani?" Akashangaa. "La, Mwalimu, yeye ndiye aliyepigwa!" Kumbe alikusudia kuandika "was beaten". Kwa kukosea mwisho wa neno moja tu, mlalamikaji alikuwa amegeuzwa mshitakiwa.

Kosa hilo halikutokana na uvivu, bali na tofauti ya lugha zetu mbili. Katika Kiswahili, mara nyingi kitenzi ni neno moja libebalo mzigo wote. Katika "alipigwa", a- yamwonyesha mtu tunayemsema, -li- yaonyesha wakati, -pig- ndio mzizi, na -w- yatujulisha kwamba alitendewa. Kiingereza huugawa mzigo huo kwa maneno kadhaa yanayofuatana kama askari katika gwaride. Fungu hilo ndilo liitwalo kirai kitenzi.

Tazama "may have been beaten", yaani "huenda amepigwa". Mbele husimama neno la uwezekano au lazima, kama "may" na "must", hufuata "have", kisha "be" katika umbo lifaalo, na kitenzi chenyewe hukaa nyuma kabisa. Si lazima wote wawepo, lakini waliopo hawavunji safu. Ukiandika "may have been beating", umesema kwamba huenda alikuwa akipiga yeye.

Sasa tuyageukie majina. Jina, au nomino, hutaja mtu, kitu, mahali au wazo: "soldier", "gun", "Kampala", "peace". Jina pamoja na maneno yanayolifafanua huitwa kirai nomino. Kiswahili hutanguliza jina: "mbwa wawili weusi". Kiingereza hutanguliza idadi na sifa: "two black dogs". Mpangilio ukivurugika, maana huhama. "The old man's bicycle" ni baiskeli ya mzee. "The man's old bicycle" ni baiskeli kuukuu ya bwana fulani. Je, anayetafuta mali iliyoibiwa atafute baiskeli ya namna gani?

Kila kirai nomino kina jina kuu, na kitenzi hulitii hilo. Twasema "The box of bullets is open", wala si "are", kwa kuwa kilicho wazi ni sanduku. Kanuni hii mwajua tayari, maana hakuna asemaye "sanduku la risasi ziko wazi".

Yako pia majina yasiyohesabika. "Information", "evidence" na "equipment" hayapokei "s" hata mambo yakiwa mengi. Sisi huteleza hapo kwa kuwa twasema "habari hizi" na "vifaa hivi". Ukitaka kuhesabu, andika "two pieces of evidence". Kinyume chake, "police" halina "s", lakini huhesabiwa kuwa wingi: "The police are here."

Somo hili halihitaji darasa. Jioni, chakula kikiwa jikoni, mama aseme "the pot". Mtoto aongeze, "the big pot". Baba amalizie, "the big pot on the fire". Kisha kila mmoja atafute kirai kitenzi chake: "is boiling", "was boiling", "has boiled". Mtoto atajifunza, na mzazi atakumbuka aliyoyasahau tangu shuleni.

Jirani yangu alirudi mezani, akaisahihisha taarifa yake. Tangu siku hiyo, kabla ya kutia sahihi, hujiuliza maswali mawili: nani ametenda, na nani ametendewa? Nasi tujiulize vivyo hivyo, kwani karatasi ikishatoka mikononi mwetu haiwezi kujieleza yenyewe.