Hatua za Mashine, Mgongo wa Mama

Lokomat ni mashine ya Uswisi. Mtoto hufungwa mikanda ya kumbeba, akaning'inizwa juu ya mkanda unaokwenda, na miguu yake ikavishwa vyuma vyenye mota kwenye nyonga na magoti. Kompyuta ndiyo inayomtembeza. Kampuni ya Hocoma iliyoanzishwa Zurich mwaka 1996 ilianza na miguu ya watu wazima, watoto wakafuata baadaye. Bei ya mashine hiyo ni mamia ya maelfu ya dola, na hapo umeme na fundi havijahesabiwa.

Tuitendee haki kwanza. Hutumiwa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, hali inayotokana na ubongo kuumia kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya mwanzo. Jeraha lenyewe halikui, ila misuli hukaza na viungo hupinda kadiri mtoto anavyorefuka. Ubongo mchanga hujifunza kwa kurudia, na roboti hurudia bila kuchoka wala kuomba likizo. Tatizo ni kwamba majaribio yaliyoilinganisha na mazoezi yanayofanywa kwa mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia kwa muda uleule hayajaonyesha waziwazi kwamba mashine inashinda. Iona Novak wa Australia na wenzake, waliopitia ushahidi wa tiba hizi mwaka 2013 na tena 2020, walikuta kinachosaidia ni mtoto kufanya mwenyewe, mara nyingi, kile anachotaka kukiweza: kushika kijiko, kusimama, kufika mlangoni. Kunyooshwa viungo huku amelala tu kumeonekana kuwa na faida ndogo. Isitoshe, paja la mtoto lisipofika sentimita 21, vyuma havimkai. Maana yake ni kungoja hadi miaka minne hivi, na miaka inayopita hapo ndiyo ambayo ubongo ni mwepesi zaidi kufundishika.

Sasa tuilete mashine hiyo Nyamiaga, penye hospitali ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, Tanzania. Ngara ni nchi ya vilima na migomba, na kutoka vijijini hadi hospitalini usafiri ni bodaboda. Mtoto wa miaka sita asiyeweza kushika shingo yake hubanwa katikati, kati ya dereva na mama. Anayehitaji hospitali kubwa zaidi huelekezwa Bukoba, Bugando jijini Mwanza au, siku hizi, Chato. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inatambua haki ya utengamao, lakini haisemi nauli itatoka mfuko gani.

Hesabu ya watoto wenye mtindio iliyofanyika karibu na mazingira haya ni ya Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, ambako Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walipita nyumba kwa nyumba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta watoto 2.9 wenye mtindio katika kila 1,000. Kwa robo yao hivi, chanzo kilikuja baada ya mwezi wa kwanza wa maisha, malaria kali ikiwemo. Na malaria si mgeni Kagera. Watoto hao wa Uganda walipofuatiliwa, ikaonekana hatari yao ya kufa ni takriban mara 25 ya watoto wengine. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye ulemavu mkubwa wa viungo na wenye utapiamlo. Waliuawa na upungufu wa damu, malaria na maambukizi mengine, magonjwa ambayo dawa zake zinajulikana. Hao ndio ambao mashine ya kutembeza ina machache ya kuwapa. Mtoto asiyeketi wima hupaliwa na uji, na anayepaliwa hula kidogo.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni kiti. Zimbabwe waligundua zamani kwamba karatasi taka na gundi ya unga, vikishindiliwa tabaka kwa tabaka na kukaushwa, hutoa kiti kigumu cha kumtosha mtoto mmoja. Fito mbili zilizochimbiwa uani hutosha kwa kujifunza kusimama. Kisha ni kikundi cha wazazi na mtaalamu anayewafuata waliko. Waganda wamejaribu njia hiyo kwa mpango wa Akwenda katika wilaya zilezile za Iganga na Mayuge.

Hapa wapenzi wa njia za bei nafuu hupenda kufunga hoja, wakisema mama atafanya mazoezi nyumbani, bure. Neno hilo huandikwa haraka sana kwenye mapendekezo ya miradi, pengine kwa sababu mwandishi hajawahi kubeba mtoto wa kilo 20 mgongoni hadi shambani na kurudi. Roboti ilibuniwa kwa sehemu kuuokoa mgongo wa mtaalamu, aliyekuwa akiinama kuisogeza miguu ya mgonjwa hatua kwa hatua. Zurich kuchoka kwa mtaalamu kuliingizwa kwenye hesabu ya gharama, kukazaa biashara. Kazi ya mama wa Ngara haina hata safu kwenye bajeti.

Ikiwekwa safu hiyo, yatakayoandikwa ndani yake yanajulikana: nauli ya bodaboda kwa siku za kliniki, pikipiki na mafuta ya mtaalamu wa fiziotherapia, na posho ya mtu wa kumshika mtoto saa mbili mama akalime. Zote kwa mwaka mzima hazifiki bei ya mguu mmoja wa Lokomat, ijapokuwa, lazima nikiri, hazina sura nzuri ya kukatiwa utepe.