Tuhame Sea of Thieves twende Skull and Bones? Hesabu nilizopiga kabla ya kujibu

Kwa wiki kadhaa sasa kundi letu la mabaharia wa mtandaoni lina mjadala mmoja tu. Tuko wanne: mimi niko Mombasa, mdogo wangu yuko Kilifi, rafiki yetu Malindi, na binamu yetu yuko Maskati kikazi. Kila Alhamisi usiku tunacheza Sea of Thieves, kwa sababu Ijumaa kule Oman ni mapumziko, na sisi wa huku tunakwenda kazini kesho yake na macho mekundu. Sasa binamu anataka tuhame sote twende Skull and Bones. Anasema, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua, kwamba gemu hiyo ni ya bahari yetu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kwa umri, nimeachiwa nitoe kauli. Nimeona niiandike hapa, maana najua si sisi pekee tunaoulizana swali hili.

Kwa asiyezijua: Sea of Thieves imetengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza, iliyo chini ya Microsoft, na ilitoka Machi 20, 2018. Skull and Bones ni ya Ubisoft, na kazi kubwa ilifanywa na tawi lake la Singapore. Hii ya pili ilitangazwa 2017, ikaahirishwa mara nyingi hadi watu wakaifanya mzaha, na hatimaye ikatoka Februari 16, 2024. Mbegu yake ni vita vya merikebu vilivyopendwa katika Assassin's Creed IV: Black Flag ya mwaka 2013. Siku chache kabla haijatoka, mkuu wa Ubisoft, Yves Guillemot, aliulizwa kuhusu bei yake akajibu kuwa hii ni gemu ya A nne, ilhali gemu kubwa kabisa katika biashara hiyo huitwa za A tatu. Wachezaji hawajaacha kumtania kwa hilo.

Hoja ya binamu ina uzito. Sea of Thieves ni bahari ya kubuni isiyo pwani ya mtu yeyote: mifupa inayotembea na kupiga risasi, papa wakubwa kuliko jahazi, na pweza anayekumbatia meli nzima. Skull and Bones imewekwa katika Bahari Hindi, mwishoni mwa karne ya 17, na ramani yake ina sehemu inayoitwa Pwani ya Afrika. Makao ya kwanza ya mchezaji ni mji wa kubuni wa Sainte-Anne, unaokumbusha kisiwa cha Sainte-Marie cha Madagaska, ambako maharamia wa kweli walijificha miaka hiyo. Chombo cha kuanzia, kidogo, cha kuwindia, wamekiita Dhow. Na miongoni mwa makundi unayokutana nayo lipo linaloitwa Ungwana. Mtu wa Kipini akiona jina hilo kwenye kioo lazima ashtuke kidogo, maana Ghuba ya Ungwana ni ile pale inapomwagika Tana.

Hata mimi nilishtuka. Nilipoipakua kuijaribu, nusu saa ya kwanza nilikuwa natafuta tu majina. Lakini mandhari ni jambo moja na kazi ya ubaharia ni jambo jingine, na hapo ndipo tulipotofautiana mimi na binamu.

Katika Sea of Thieves wanne tunapanda merikebu moja. Hakuna kinachofanyika chenyewe. Nanga inazungushwa kwa mikono hadi ing'oke. Matanga yanafunguliwa kwa kamba, kisha yanageuzwa yafuate upepo, na upepo ukibadilika unayageuza tena. Aliyeshika usukani mara nyingi haoni mbele kwa sababu tanga limemziba, kwa hiyo lazima mwingine asimame omo na kupiga kelele: kushoto, kushoto, mwamba! Ramani iko chini ndani, na anayeisoma hawezi kuwa juu. Mkipigwa mzinga, tundu linatoboka, maji yanaingia ngamani, na mtu anateremka na mbao za kuziba huku mwenzake akichota maji kwa ndoo na kuyamwaga baharini. Ukiwa peke yako kwenye merikebu ile ya milingoti mitatu utahangaika kama kuku. Ndiyo maana kuna chombo kidogo cha watu wawili na cha kati cha watatu, na kile kikubwa ni cha wanne. Idadi yetu hasa.

Skull and Bones inafanya kinyume. Kila mchezaji ana merikebu yake na mabaharia wake wa kompyuta wanaofunga na kufungua matanga akiwaamuru. Wewe si mtu aliye ndani ya chombo, wewe ni chombo chenyewe. Unatembea kwa miguu ukifika bandarini tu. Huko baharini huwezi kutoka usukanini ukaenda tezi kutazama nyuma. Hata kuvamia meli ya adui, jambo ambalo mtu angelitarajia kulifanya kwa upanga mkononi, linaonyeshwa kama kipande kifupi cha filamu kisha unahesabiwa mali. Mkicheza pamoja mnakuwa msafara, si wafanyakazi wa chombo kimoja. Na kikomo cha kundi ni watu watatu.

Hapo ndipo nilipomuuliza binamu: nani abaki nje? Alikaa kimya, kisha akasema tutapokezana. Kupokezana ni neno zuri kwa maji ya mfereji. Kwa Alhamisi usiku, maana yake ni kwamba mmoja wetu atakuwa amekaa Malindi au Kilifi anatazama simu, na baada ya mwezi mmoja hatakuwa anatazama hata hiyo simu.

Lipo jambo jingine ambalo anayehama hulisahau, nalo ni nini kinabaki mkononi mwako. Katika Sea of Thieves, miaka sita ya kucheza haikupi bunduki kali kuliko ya aliyeanza jana. Dhahabu yote inanunua mapambo: tanga jipya, sanamu ya omo, koti, mguu wa mti. Ukiugua, ukipata mtoto, ukisafiri mwaka mzima, unarudi na kuwa sawa na wenzako siku hiyo hiyo. Skull and Bones imejengwa kwa ngazi. Unakusanya mbao na madini, unatengeneza mizinga mikubwa zaidi, unapandisha daraja la merikebu, na kila msimu unaleta silaha mpya. Kuna raha yake, sikatai. Mtu anapenda kuona jasho lake likikua. Ila kwa watu wazima wanaokutana mara moja kwa wiki, ngazi hizo zinawatenganisha. Binamu hana familia kule Maskati, atacheza kila usiku. Mdogo wangu ana duka. Baada ya wiki tatu mmoja atakuwa na manowari na mwingine bado yuko na mtumbwi wa kuwindia mamba.

Upande ambao Skull and Bones inashinda ni amani. Sea of Thieves ina ukatili wake: hazina uliyoitafuta saa tatu si yako mpaka uibebe kwa mikono na kuiuza bandarini. Njiani, mtu yeyote anaweza kukuzamisha na kuichukua, na hakuna wa kumlalamikia. Wengi wameikimbia kwa sababu hiyo. Tangu Desemba 2023 ipo bahari salama, ambamo mnakuwa peke yenu bila wachezaji wengine, lakini malipo yake yamepunguzwa. Katika Skull and Bones, kupigana na wachezaji wenzako kwa kawaida ni jambo unalolikubali mwenyewe kwa kujiunga na tukio fulani. Kama unacheza ukiwa umechoka na kazi na hutaki kutukanwa na kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekuibia, hiyo ni hoja ya kweli. Mimi napenda ile hofu ya kuona tanga geni kwenye upeo wa macho. Rafiki yetu wa Malindi haipendi hata kidogo, na anaivumilia kwa ajili yetu.

Tuje kwenye mashine na pesa. Hakuna kati ya gemu hizi inayocheza kwenye PS4. Nalisema wazi kwa sababu vibanda vingi vya gemu mitaani kwetu bado vina mashine hizo, na kijana asije akanunua kitu kisichoingia. Sea of Thieves ilikuwa ya Xbox na kompyuta tu hadi Aprili 30, 2024, ilipofika PS5. Skull and Bones ilizaliwa ikiwa ya PS5, Xbox Series na kompyuta. Kwenye kompyuta, Sea of Thieves ina huruma zaidi. Ina kiwango cha picha cha chini kabisa ambacho wenyewe wamekiita Cursed, yaani kilicholaaniwa, na kwa hicho hata laptopu ya kawaida inaweza kusogea. Bei nayo: Sea of Thieves bei yake ya kawaida ni karibu dola 40, na Skull and Bones kwenye mashine za sebuleni ilianza karibu dola 70. Tukihesabu dola kwa shilingi 130, ni shilingi 5,200 na shilingi 9,100. Sisi tumeshalipa ile ya kwanza. Kuhama watu watatu ni zaidi ya shilingi 27,000, bila bando la kupakua makumi ya gigabaiti.

Kuhusu intaneti, watu wa Mombasa tuna kichekesho chetu. Nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa kwetu: TEAMS inayotuunganisha na Fujairah, SEACOM, EASSy na nyinginezo. Ungedhani tunapaswa kucheza bila tatizo. Lakini kinachohesabika ni umbali hadi kwenye kompyuta ya gemu inayowaunganisha wachezaji, pamoja na njia ambayo ishara inapitia kwenda na kurudi. Ucheleweshaji huo wachezaji huuita pingi, na hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Katika mapambano ya panga na bunduki ya Sea of Thieves, pingi kubwa inakuua: umempiga mtu, kioo kinaonyesha umempiga, naye bado anacheka. Katika Skull and Bones unarusha mizinga kutoka mbali, merikebu ni nzito, na kuchelewa kidogo hakuonekani sana. Kwa mtu wa Pwani mwenye laini dhaifu, hiyo ni faida ya pili ya gemu ya binamu. Lakini zote mbili zinahitaji mtandao kila dakika, hata ukicheza peke yako. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikawa ya kobe Afrika Mashariki nzima, na hakuna aliyekuwa nahodha wa chochote.

Kutegemea mtandao kuna tatizo lingine lisilosemwa dukani. Disney ilikuwa na gemu yake ya maharamia mtandaoni, Pirates of the Caribbean Online, iliyoanza 2007 na kufungwa Septemba 19, 2013. Siku ile kila merikebu ya kila mtoto ilikwisha. Ubisoft yenyewe ilizima The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, Machi 31, 2024, na waliokuwa wameilipia hawakuweza tena kuicheza. Sisemi Skull and Bones itafuata njia hiyo, wala Sea of Thieves haina hirizi. Ila ukijua kwamba unapanga tu, si kwamba unamiliki, unauliza maswali tofauti kabla ya kulipa kodi ya nyumba ya pili.

Mzee mmoja barazani alinisikia nikieleza haya akaniuliza kama hatuoni haya kucheza uharamia, sisi watu wa pwani ambao mwaka 2010 tuliona mahakama maalumu ikifunguliwa Shanzu kwa ajili ya kesi za maharamia wa Somalia. Ni swali la haki. Nilimwambia kwamba katika miaka yote ya kucheza sijateka mtu, nimeziba matundu tu. Alicheka, ingawa sidhani aliridhika.

Kwa hiyo kauli yangu kwa kundi ni hii. Hatuhami. Anayetaka kwenda peke yake aende, na aanze na jaribio la bure kabla ya kutoa pesa; Skull and Bones ilipotoka ilikuwa na jaribio la saa nane, na ulichokusanya ndani yake kilibaki ukinunua. Acheze katikati ya wiki, usiku ule ule anaoutumia kawaida, ili aone pingi yake ya kweli. Mchezaji wa peke yake, au wawili wasiopenda kuibiwa, nitawashauri kabisa waende huko, hasa kama laini yao si ya kutegemewa.

Binamu amekubali nusu. Ameinunua, ameshapata merikebu ya mizinga ishirini na kitu, na ananitumia picha za machweo ya Pwani ya Afrika ambayo haina hata mnazi mmoja ninaoutambua. Alhamisi saa tatu usiku yetu, saa nne yao, anarudi chini ngamani na ndoo yake, kwa sababu kati yetu wanne yeye ndiye mwepesi wa kuchota maji.