Ndengu, magunzi na mchanga wa mto: boma linavyofunza vidole vya mtoto

Mavuno ya ndengu yakishaingia nyumbani, maboma mengi ya Ikutha huwa na kazi moja ya wakubwa kwa wadogo: kuchambua. Mama huketi mkekani, ungo mapajani, akitenga punje nzima na vijiwe, makapi na zile zilizotobolewa na wadudu. Mtoto wa miaka minne aliyeketi kando yake huzamisha mkono mzima ndani ya ungo na kuinua konzi, punje zikimponyoka. Mama humwonyesha: kidole gumba na cha shahada, kijiwe kimoja kimoja, weka kule. Mtoto hujaribu, akakosa. Hujaribu tena, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, hadi kijiwe kinanasa baina ya vidole viwili.

Mpita njia ataona mtoto anayemchelewesha mama yake. Mtaalamu wa makuzi ya watoto ataona somo linaloendelea: macho yanapima umbali, ubongo unakadiria nguvu, na misuli midogo ya kiganja inatekeleza. Ndiyo misuli itakayofunga vifungo vya sare ya shule, itakayoshika kijiko bila kumwaga uji, na itakayoandika jina la mtoto huyo daftarini.

Ikutha iko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye barabara itokayo Kibwezi, Makueni, kuelekea Mutomo na mji wa Kitui. Ni nchi kavu ya mibuyu na mikonge, yenye mito ambayo kwa miezi mingi hubaki mchanga mtupu. Mzazi anayehesabu shilingi za unga hana za ziada za kununua vitofali vya plastiki vya kuchezea. Wala hana haja navyo. Vifaa vya kukomaza vidole vya mtoto viko jikoni, ghalani na mtoni. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima wa kuketi na mtoto, kumwachia muda na kumtazama.

Mkono hukomaa kwa miaka

Mkono wa binadamu una mifupa 27. Minane kati ya hiyo, ile ya kifundo, kwa kawaida huwa bado ni gegedu mtoto anapozaliwa. Hugeuka mfupa mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho huanza kufanya hivyo mtoto akiwa tayari shule ya msingi. Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo hata mkononi. Imo kwenye kigasha, nayo huvuta vidole kwa kano ndefu kama nyuzi. Ile midogo iliyomo kiganjani ndiyo hufanya kazi za uangalifu, na yote hupokea amri kutoka kwenye ubongo.

Mwaka 1937 daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield, aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alichapisha pamoja na mwenzake Edwin Boldrey ramani ya sehemu za ubongo zinazoongoza viungo vya mwili. Ilidhihirika kwamba mkono na uso vimetengewa eneo kubwa mno kuliko mgongo au paja. Kidole gumba, kidogo kilivyo, kina waendeshaji wengi.

Mtoto mchanga hufumbata chochote kinachogusa kiganja chake bila kukusudia. Mwitiko huo hufifia katika miezi ya kwanza ya maisha, na karibu na miezi 6 huwa anafikia kitu kwa makusudi na kukihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kati ya miezi 9 na 12 hutokea jambo kubwa: kidole gumba na cha shahada hukutana, na mtoto anaweza kudona chembe ya ugali sakafuni kama kifaranga. Akifika mwaka mmoja na nusu huchorachora. Kwenye miaka 2 huweza kupanga vitu kadhaa kimoja juu ya kingine, na kwenye miaka 3 huiga duara. Hatua hizi hupishana kutoka mtoto hadi mtoto, lakini mpangilio wake haubadiliki sana: bega hutulia kwanza, kisha kiwiko, kisha kifundo, na vidole huja mwisho.

Ndiyo sababu kumlazimisha mtoto wa miaka 3 kujaza kurasa za herufi ni kuudai mkono kazi usiyoiweza bado. Katika mtaala wa umilisi wa Kenya, watoto huanza darasa la PP1 wakiwa na takriban miaka 4 na PP2 wakiwa na 5. Yule ambaye amefinyanga, ametunga na kubambua kwa miaka miwili mitatu kabla ya hapo huishika penseli kwa vidole. Yule ambaye hakupata nafasi hiyo aghalabu huishika kwa ngumi, huchoka upesi, na huenda akaitwa mvivu bila kosa.

Ushahidi kutoka Bonde la Ufa, Kilifi na Jamaica

Mwaka 1976 mtafiti Charles Super alichapisha matokeo ya kazi yake miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya. Watoto wao waliketi na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani. Wazazi walikuwa wakiwafundisha makusudi. Walichimba shimo dogo ardhini na kumketisha mtoto humo, mgongo ukiwa umeegemea ukingo. Katika kutambaa, ambako hakukuwa na mafunzo kama hayo, watoto wale hawakuwatangulia wengine. Funzo lake linahusu vidole pia: kinachofanyiwa mazoezi kila siku ndicho kinachowahi.

Jijini Kingston, Jamaica, kuanzia mwaka 1986, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na wahudumu wa afya ya jamii waliowaonyesha akina mama namna ya kucheza na watoto, kwa vifaa vilivyotengenezwa nyumbani. Miaka 20 baadaye, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kilichozidi kile cha wenzao wasiochezeshwa kwa asilimia 25. Vifaa vyenyewe havikuwa vya gharama. Kilicholeta tofauti ni mama aliyejua la kufanya navyo.

Karibu zaidi na nyumbani, huko Kilifi, Amina Abubakar na wenzake walitengeneza kipimo cha makuzi kwa watoto wa miezi 6 hadi 35, kilichochapishwa mwaka 2008. Sehemu moja ya kipimo hicho hutazama mwendo wa mwili, na nyingine jinsi macho na mikono vinavyoshirikiana. Kiliundwa kwa kutumia vitu ambavyo mtoto wa pwani ya Kenya anavifahamu, kwa kuwa mtoto hupimwa vyema kwa kitu alichozoea kukishika.

Michezo kwa umri

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 12, chukua kyondo au kikapu chochote, utie ndani vitu safi vikubwa visivyoweza kumezwa: mwiko, kikombe cha plastiki, gunzi lililooshwa, kitambaa, kibuyu kidogo. Mwache atoe kimoja kimoja, atikise, agonge. Akifika miezi 9 mwekee tonge ndogo za chakula laini, kama kiazi kilichopondwa au ugali laini, azidone mwenyewe huku umemkalia karibu. Atajichafua. Mwache ajichafue.

Kati ya mwaka 1 na 2, mtoto hupenda kutia na kutoa. Toboa tundu pana kwenye kifuniko cha kopo la plastiki, umpe magunzi yaliyokatwa vipande virefu ayatumbukize, ayamwage, aanze upya. Huenda akarudia mara ishirini. Ugumu wake hauko katika kushika bali katika kuachia. Kufungua vidole pale hasa unapotaka ni ustadi unaochukua miezi. Makopo matupu ya ukubwa mbalimbali yanafaa pia kwa kupangwa na kubomolewa, mradi kingo zake zisiwe kali.

Kuanzia miaka 2, mto uingie mchezoni. Udongo wa mfinyanzi unaopatikana kingoni ni bora kuliko unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi ambao vitabu vingi hupendekeza. Hauli akiba ya chakula, na ugumu wake huvipa vidole kazi zaidi. Mtoto avingirishe nyoka, atengeneze mpira, achune vipande, afinyange ng'ombe mwenye pembe. Mchanga mkavu nao ni ubao usiokwisha: achore kwa kidole, kisha kwa kijiti, afute kwa kiganja. Mchanga uliolowa kidogo hushikana, naye ataujaza kikombe na kupindua nyumba. Chagua mahali pasipo na kinyesi cha mifugo, na mikono ioshwe kwa sabuni mchezo ukiisha.

Kwenye miaka 3 hadi 4 huja wakati wa kutunga na kubana. Kata mabua makavu ya mtama vipande vya urefu wa pingili moja ya kidole, uvitoboe katikati, kisha umpe mtoto uzi wa mkonge ambao ncha yake umeisugua kwa sabuni hadi ikakakamaa. Mkono mmoja unashika bua, mwingine unaelekeza uzi. Mikono miwili kufanya kazi mbili tofauti kwa lengo moja ndiyo siri ya kufunga kamba za viatu. Vibanio vya nguo vinavyobanwa kwenye ukingo wa beseni hukomaza vidole vile vile vitatu vya penseli. Kubambua kunde na mbaazi mbichi pia kuanze hapa: gumba linatafuta mshono wa ganda, linausukuma, ganda linafunguka.

Miaka 4 na kuendelea, mtoto huweza kuchambua ndengu, kupukuchua mahindi na kucheza mdako, ule mchezo wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine shimoni kabla hakijatua. Bao linaongeza kuhesabu. Pia kuna mchezo wa uzi vidoleni, ambapo kitanzi kimoja huvutwa na kupindwa hadi kikawa umbo. Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyeandika kwa kina juu ya Wakamba, alichapisha mwaka 1930 andiko kuhusu michezo hiyo barani Afrika.

Na yuko susu. Akiketi kivulini kusuka kyondo, nyanya huyo husokota nyuzi za mkonge kwa kiganja juu ya paja, nyuzi mbili zikageuka moja, kisha vidole vikaanza kuzipitisha, juu, chini, vuta, kaza. Anasuka huku akiongea na wageni, macho yake hayapo kwenye kazi. Mjukuu apewe kipande chake kidogo aharibu. Fundo lake la kwanza litafunguka, lakini huko kukaza na kulegeza ndiko kunakopima nguvu ya vidole.

Pale mchezo unapogeuka hatari

Mtoto wa chini ya miaka 3 asipewe ndengu, maharagwe, njugu, shanga wala vifuniko vya chupa. Kitu chochote kinachoweza kupenya ndani ya mrija wenye upana wa takriban sentimita 3 kinaweza kumkaba. Punje ikiingia puani usiichokoe. Nafaka hunyonya unyevu na kuvimba, kama mama anayeloweka ndengu ajuavyo. Mpeleke mtoto kituo cha afya. Akikabwa na kushindwa kulia au kukohoa, mwinamishe kichwa kikiwa chini na umpige kwa nguvu katikati ya mabega hadi mara tano, huku mtu akiita msaada. Usitie kidole kooni kwa kubahatisha.

Mbegu za porini zichaguliwe kwa uangalifu. Zile nyekundu zenye doa jeusi, za mturituri, zinavutia macho lakini zina sumu kali, na mbegu za mbarika vivyo hivyo. Zisitungwe na zisichezewe. Betri ndogo za duara zifichwe mbali, kwani zikimezwa huunguza koo.

Simu nayo isichukue nafasi ya udongo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Kidole kinachoteleza juu ya kioo hakibani, hakikazi, wala hakipimi uzito.

Wakati wa kwenda kliniki

Ziko dalili za kutopuuzwa. Mtoto wa miezi 6 asiyefikia kitu kilicho mbele yake, anayefumba ngumi muda wote, au wa mwaka mmoja asiyeweza kuokota kitu kidogo kwa vidole, achunguzwe. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya miezi 18 naye apelekwe, kwa kuwa huenda upande wa pili una udhaifu. Aliyepoteza uwezo aliokuwa nao asicheleweshwe hata wiki. Lakini mtoto mkubwa anayependa kutumia kushoto hana ugonjwa, na asichapwe wala kulazimishwa kulia.

Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki nchini Kenya kina ukurasa wa hatua za makuzi, ingawa wazazi wengi hufungua ule wa chanjo na uzani pekee. Mzazi, kichukue leo kilipo, uusome ukurasa huo ukilinganisha na mtoto wako. Ukiona shaka, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au muuguzi siku ya kliniki. Na jioni ukianza kuchambua mboga, mpe mwanao nafasi kando yako na fungu lake dogo la majani, hata kama chakula kitachelewa kuiva.