Kabla Hujalipenda, Inua Kiti cha Nyuma

Mama mmoja aliniletea gereji Toyota Harrier haibridi aliyoinunua miezi mitatu tu nyuma. Gari zuri kweli: viti vya ngozi nyeusi, rangi inang'aa, hakuna mchubuko hata mmoja. Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine akaambiwa betri kubwa imekufa, aagize nyingine. "Fundi, hiyo hela sina," aliniambia, "na mkopo wa gari lenyewe bado naulipa." Nilifungua mlango wa nyuma, nikapiga magoti, nikamulika kwa tochi ya simu chini ya kiti, mahali penye matundu ya kuvutia hewa. Matundu hayakuonekana. Yalizibwa na vumbi, nywele na makombo ya biskuti, vimeshikana kama kipande cha blanketi. Tuliinua kiti, tukafungua feni, tukaisafisha kwa brashi na upepo wa kompresa. Taa ya onyo ikazimika, na gari lile bado linatembea na betri yake ileile.

Wengi wanaokuja kuniomba ushauri kabla ya kununua haibridi ya kifahari ya mtumba, iwe Harrier, Crown au Lexus RX 450h, huanza kwa kuuliza limetembea kilomita ngapi. Mimi hutaka kwanza kujua betri yake imeishi katika joto gani.

Harrier haibridi ya kizazi kilichoanza kuuzwa mwaka 2014 ina injini ya lita 2.5 na betri ya nikeli yenye vipande 34. Kila kipande kina volti 7.2, na vyote vimeungwa mfululizo hadi kufikia volti 244.8. Umeme unaotoka katika kipande cha kwanza lazima upite katika vyote. Ni kama vibarua waliojipanga kwenye ngazi wakipasiana matofali kwenda ghorofani: mmoja akilegea, mstari mzima unasimama, hata kama wengine 33 wana nguvu. Kompyuta ya gari hulinganisha vipande hivyo muda wote, na ikiona kimoja kimeachwa nyuma mno huwasha taa. Ndiyo maana simshauri mtu akubali kubadilishiwa kipande kimoja kisha aambiwe gari limepona. Kipya kitakuwa na nguvu kuliko wenzake waliochoka, na baada ya miezi michache atafuata mwingine.

Kinachovichosha zaidi vipande hivi ni joto. Kwenye magari haya, hewa ya kupoza betri haitoki nje. Feni huivuta kutoka ndani, pale wanapokaa abiria. Kwa hiyo kiyoyozi kinamtumikia dereva na betri pia. Haibridi iliyokaa Dar es Salaam au Mombasa miaka miwili na kiyoyozi kibovu, mwenyewe akifungua vioo na kuvumilia, betri yake imekuwa ikiungua polepole. Muuzaji akikuambia "AC inataka gesi tu", usilichukulie kuwa jambo dogo.

Na hapo kwenye gesi pana hatari nyingine. Kompresa ya kiyoyozi cha haibridi hizi haizungushwi na mkanda. Inaendeshwa na umeme wa volti nyingi kutoka betri kubwa, na oili iliyomo ndani yake ni ya aina maalumu isiyopitisha umeme. Fundi wa barabarani akijaza oili ya magari ya kawaida, umeme huanza kuvuja kwenda kwenye bodi, gari linagoma kuwaka, na kompresa nzima inaweza kuhitaji kubadilishwa. Muulize muuzaji ni nani aliyegusa kiyoyozi, na aliweka nini. Akisita kujibu, hesabu hilo kwenye bei.

Siku ya kwenda kuliona gari, omba lisiwashwe kabla hujafika. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Fungua mlango wa dereva, nyamaza, sikiliza. Utasikia pampu ya breki ikinguruma sekunde chache kisha inatulia. Ndiyo kazi yake, inajenga presha. Sasa keti, kanyaga breki mara kadhaa, usikilize tena. Pampu ikiamka kila unapogusa pedali, au ikijiwasha yenyewe bila kuguswa, kifaa kinachotunza presha kimechoka. Hakitengenezwi kwa bei ndogo, na nimeona kikiwaumiza wanunuzi ambao hofu yao yote ilikuwa kwenye betri.

Kisha endesha, na usikubali mzunguko wa dakika tano kuzunguka yadi. Chukua nusu saa, na njia iwe na foleni na kilima. Tazama mchoro wa betri kwenye dashibodi. Betri nzima hupanda na kushuka taratibu. Ile iliyochoka hujaa ghafla ukishuka mteremko mfupi, na ukikanyaga mafuta inaisha ghafla vilevile, kwa sababu haina tena nafasi ya kutunza umeme. Sikiliza pia feni kule nyuma. Kuvuma kidogo mchana wa jua si tatizo, ila ikipiga kelele muda wote na gari lina ubaridi, betri inalia joto.

Wapo wanaoogopa kisichoogopwa. Ukishuka mteremko wa Kitonga na betri ikajaa, injini itapanda mlio ghafla ingawa hujakanyaga mafuta. Gari linaitumia injini kulishikilia, maana umeme wa breki hauna tena pa kwenda. Hilo ni gari zima kabisa.

Mashine ya kupima ndiyo inayomaliza ubishi. Nenda na fundi anayeweza kuonyesha volti za betri fungu kwa fungu wakati gari linapanda kilima, kwa sababu betri mbovu likiwa limesimama inaweza kuonekana nzuri. Mwambie asome pia umbali uliotembewa tangu kumbukumbu za makosa zifutwe. Kompyuta ya gari huutunza, na watu wachache wanafahamu. Niliwahi kumsindikiza kijana mmoja kwenda kuangalia RX 450h iliyosemekana haijawahi kuwasha taa ya onyo. Dashibodi ilikuwa safi kweli. Mashine ikasoma kilomita nne. Kilomita nne tangu mtu afute makosa, kwenye gari la miaka mingi! Tuliomba kuliendesha zaidi, na kabla hatujamaliza saa moja ile taa ya onyo yenye pembetatu ilikuwa imerudi.

Umri nao usifunikwe na kilomita. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, wakati Tanzania gari kuukuu huingia kwa kulipa ushuru wa ziada wa uchakavu. Ndiyo maana kwenye yadi zetu utakuta RX 450h za 2009 zenye kilomita chache zikisifiwa kuwa mpya. Betri ya nikeli huzeeka hata ikiegeshwa, na kuegeshwa muda mrefu bila kuwashwa huiumiza. Gari lililokaa yadi miezi minane juani, hata kama lina kilomita elfu arobaini, mimi nalipima kwa makini kuliko lililotembea kila siku kwa mtu mmoja.

Karatasi ya mnada ya Japani iombwe, isomwe na mtu anayeijua. Daraja R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwa haibridi naogopa zaidi mafuriko: vuta mikanda ya viti hadi mwisho utafute alama ya tope, uinue zulia chini ya kiti cha nyuma uangalie kutu. Maji yakigusa nyaya zile za rangi ya chungwa, hitilafu zake hazina mwisho.

Swali la mwisho nimuulizalo mteja ni anakwenda wapi na gari. Kama ni Mbagala hadi Posta kila siku, kwenye foleni ya kusimama na kuondoka, haibridi itamrudishia fedha yake, kwani kila anapokanyaga breki anachaji. Kama ni mtu wa Mwanza kila wiki, mwendo mmoja barabara kuu, nafuu ya mafuta ni ndogo na namwelekeza kwenye gari la petroli la kawaida. Na yule wa foleni namwambia hivi: uliza bei ya betri mpya ya gari hilo, ijumlishe na bei ya gari, na kama jumla hiyo inakushinda, tafuta lingine la chini yake. Mama wa Harrier sasa huja kila baada ya miezi sita. Tunainua kiti, tunapuliza feni, na kabla chai haijapoa ameshaondoka.